Staa Aliyemcheka Dogo wa Mwaya Hajaunganisha Hata Bawa Moja!

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye hivi karibuni aliposti picha mbili zikiwa bega kwa bega. Kushoto ni ndege ya kivita ya plastiki inayogeuka kuwa roboti, mzigo kutoka Japan, stika zote zimekaa mahali pake, imesimama kwenye kabati la kioo na taa ya bluu inawaka nyuma. Kulia ni ndege ya dogo mmoja wa Mwaya, kule Kyela. Hiyo imetengenezwa kwa dumu la mafuta ya kula, chupa ya maji, spoki za baiskeli na kandambili. Juu ya picha staa akaandika: "Yangu na yake. Chagua moja." Akamalizia na vikatuni vinne vya kucheka mpaka machozi.

Watu wakacheka naye. Wengine wakamwita dogo "injinia wa jalala". Mmoja akasema roboti hiyo ikigeuka inakuwa ndoo. Posti ikabamba, staa akapata kiki aliyoitaka, maisha yakaendelea.

Sasa taratibu. Kuna jambo ambalo posti ile haikusema, na ndilo linaloharibu utani wote. Ndege ya kushoto staa hakuiunganisha yeye. Boksi lake lilikaa chini ya kitanda miezi kadhaa. Usiku mmoja alijaribu, akavunja kijiti cha shingo ya roboti, akakasirika, akalirudisha chini ya kitanda. Baadaye akaitwa fundi simu wa Kariakoo, kijana aliyezoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, akaimaliza kwa siku nne. Fundi mwenyewe alikuwa na picha za kila hatua kwenye simu yake, na washkaji zake ndio waliozivujisha.

Kumlipa fundi si dhambi. Mjini kila kitu kina fundi. Ila jina la fundi halikutajwa popote, na chini ya picha paliandikwa "yangu". Kwa hiyo picha ile, ukiisoma vizuri, inamwonyesha mtu aliyenunua akimcheka mtu aliyeunda. Hapo ndipo panapouma.

BOKSI LENYEWE LINA NINI?

Wengi waliocheka hawajawahi kufungua boksi la namna hiyo, ndiyo maana wanadhani ndani kuna ndege. Hakuna ndege. Kuna fremu za plastiki, na kila fremu imebeba vipande vidogo vilivyoshikiliwa na vijiti, kila kimoja na namba yake. Kuna karatasi ya stika na kitabu cha maelekezo. Unakata kipande kwa plaizi ndogo yenye makali, unasugua kovu la kijiti kwa msasa, unapachika kwenye mwenzake. Modeli nyingine zinabana zenyewe bila gundi. Nyingine bila gundi na rangi hazisimami. Raha yote ya mchezo huu iko kwenye hizo saa za kukata na kupachika. Aliyemwachia fundi saa hizo amenunua muziki akamlipa mtu amsikilizie.

Na wala haikuanza kama jeuri ya pesa. Modeli ya kwanza ya roboti ya Gundam ilitolewa na kampuni ya Bandai mwezi Julai 1980, kwa kipimo cha 1/144, na iliuzwa yen 300. Hiyo ilikuwa bei ya mtoto wa shule mwenye pesa ya mfukoni. Watoto waliunganisha wenyewe, wakakosea, wakaharibu, wakanunua nyingine. Kitu kilichoundwa ili mtoto ajifunze kutumia mikono yake, Bongo kimegeuzwa pambo la kumnyamazisha mtoto anayetumia mikono yake.

Zile zinazogeuka kutoka ndege kuwa roboti zina historia yao. Oktoba 1982 televisheni ya Japan ilianza kuonyesha katuni ya Macross. Ndege yake, VF-1 Valkyrie, ilibuniwa na Shoji Kawamori, wakati huo kijana wa miaka 22 tu. Aliiangalia ndege halisi ya jeshi la majini la Marekani, F-14 Tomcat, akajiuliza hiki kikisimama kitakuwaje? Jibu lake: injini mbili zilizo chini ya ndege zishuke ziwe miguu, mabawa yakunjwe kwenda mgongoni, kichwa kijifiche chini ya tumbo. Ndege ile ilipendwa hadi ikavuka bahari. Mwaka 1985 mdoli wake uliuzwa Marekani kama mmoja wa Transformers, kwa jina la Jetfire.

Na huyo Kawamori anapojaribu maumbo yake huwa anatumia matofali ya Lego, vile vya kuchezea watoto. Anaunda, anakunja, anavunja, anaunda tena. Hakuna anayemwita injinia wa jalala.

TURUDI MWAYA

Mwaya iko kwenye tambarare ya Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Ukisimama kwenye mashamba ya mpunga unaiona Milima ya Livingstone imejipanga kama ukuta. Ni nchi ya mpunga, kakao, ndizi na michikichi, na ni nchi ya baiskeli. Ardhi imelala, kwa hiyo baiskeli inabeba kila kitu: gunia la mchele, abiria, mgonjwa. Penye baiskeli nyingi hapakosi spoki zilizovunjika na tyubu zilizopasuka. Kwa dogo huyu wa darasa la sita, hizo ndizo fremu za kwenye boksi lake, ila hazina namba wala kitabu cha maelekezo.

Wazo alilipata kibanda umiza, Kyela mjini, kwenye muvi ya Transformers iliyotafsiriwa na DJ, ile ya 2007 ambayo roboti mmoja anageuka ndege ya F-22. Alitazama mara moja. Hakuwa na bando la kurudia wala simu ya kurudisha nyuma. Akaenda nyumbani na picha kichwani, akaanza.

Kiwiliwili ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mabawa ni dumu lililokatwa kwa wembe. Kila goti ni spoki iliyopitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Kinachozuia goti lisilegee ni utepe wa tyubu uliovutwa nyuma ya paja, kama manati. Miguu ikikunjwa inalala chini ya mabawa na kuwa injini. Ikishushwa, roboti inasimama juu ya nyayo mbili za kandambili. Na kichwa? Kifuniko cha dumu, kinajificha chini ya tumbo la ndege. Alipoulizwa kwa nini huko, alijibu kwamba kila mahali pengine kilikuwa kinaonekana.

Soma tena hapo. Mtoto wa Mwaya ambaye hajawahi kusikia neno Macross ameficha kichwa mahali pale pale alipokificha Kawamori, na ameigeuza injini kuwa mguu vile vile. Hakunakili, maana hakuwa na cha kunakili. Amekutana na tatizo lile lile, akalitatua.

ULINGANISHO WA HAKI, BILA HURUMA

Staa alisema "chagua moja". Haya, zilinganishwe kweli, na dogo asihurumiwe.

Kwa usahihi, ya Japan inashinda na haina ubishi. Kwa kipimo cha 1/72, kila sentimita 72 za ndege zinakuwa sentimita moja, na Valkyrie ya mita 14.23 inakuwa na urefu kama wa sentimita 20. Kila mstari upo, pande mbili zinafanana. Ya dogo haifanani. Bawa la kushoto limezidi la kulia kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu rula yake ni shibiri. Ikisimama kama roboti inaegemea upande mmoja kama mlevi. Mkia umekaa chini mno kwa sababu miguu ni mirefu kuliko kiwiliwili. Hizo ni kasoro za kweli, na kumwambia mtoto kwamba hazipo ni kumdanganya.

Ila kuna upande wa pili. Modeli yoyote inayogeuka ina ugomvi wake wa ndani: ukitaka ndege nzuri, roboti anakuwa na miguu myembamba, ukitaka roboti mzuri, ndege inakuwa na kitambi. Viungo vinavyokunjwa mara kwa mara vinalegea. Hasegawa, kampuni inayosifika kwa modeli za ndege halisi, ilipotengeneza Valkyrie ya 1/72 iliamua isigeuke kabisa: ukitaka ndege unanunua ndege, ukitaka roboti unanunua roboti. Wajapani wenyewe, na mashine zao zote, wengine wameukwepa mtihani ambao dogo ameufanya kwa msumari wa moto.

Halafu iulizwe ipi inachezeka. Ya staa haijagusa sakafu tangu ilipomalizwa, na staa mwenyewe haigeuzi, anaogopa shingo itavunjika tena. Ya dogo imeanguka kutoka juu ya mwembe, goti likachomoka, akabadilisha spoki, ikaendelea. Aliyeunda kitu anajua kukitengeneza. Aliyekinunua anajua kukifuta vumbi.

Kwa hiyo jibu la "chagua moja" ni rahisi. Anayetaka pambo achague ya kushoto. Anayetafuta fundi hana cha kuchagua upande huo, labda amtafute yule kijana wa Kariakoo.

WA PILI KWENYE FOLENI: MZEE WA KLIPU

Ila staa siye mbaya pekee kwenye stori hii, na pengine siye mbaya zaidi. Picha ya dogo aliipata wapi? Aliipata kwa jamaa mwingine, mtu wa klipu, mwenye jina linalofahamika kwa kuibua "vipaji vya mtaani".

Huyu alifika Mwaya kwa bodaboda, simu mkononi. Dogo akamwamkia, "Shikamoo kaka." "Marahaba, mwanangu. Hebu irushe tena. Tena. Sasa simama pale penye matope." Viatu vya shule dogo alikuwa navyo, vipya kiasi. Akaambiwa avivue, ili picha iwe na uchungu.

Klipu ilipoisha, jamaa akasema anaichukua ndege akawaonyeshe wakubwa Mbeya, Jumamosi anarudi nayo na habari njema. Mama wa dogo akasema "Ndaga fijo, baba," akamfungia na mchele wa kubeba. Mchele wa Kyela ule, wenye harufu yake, ambao mjini watu wanaugombania.

Jumamosi ikapita. Ya pili nayo, na ya tatu. Namba inaita, haipokelewi. Klipu inaendelea kuzunguka, ina tangazo la kampuni ya kubeti mwanzoni na wimbo wa huzuni mwishoni. Dogo hajapata shilingi. Hilo lingesameheka. Ila ndege yake pia hajairudishiwa, na ndiyo iliyokuwa na majibu yote: urefu wa paja, mahali pa tundu, utepe uvutwe kiasi gani. Hakuandika popote. Aliyeichukua alidhani amebeba takataka ya kuchekesha, kumbe amebeba daftari la mwanafunzi.

"KIPAJI HIKI KISAIDIWE"

Halafu kuna jeshi la tatu, kubwa kuliko yote: wale wa kuandika "kipaji hiki kisaidiwe jamani", wanaweka moyo mwekundu, wanapita. Maelfu ya mioyo, na hakuna hata mmoja aliyetuma rula.

Ndiyo, rula. Kinachohitajika pale si mfadhili wa Ulaya wala kikao cha waziri. Rula ya chuma, plaizi ndogo, msasa, gundi, kisu cha maana na daftari la miraba. Vyote viko dukani Kyela mjini. Na mchoro wa ndege moja halisi, kutoka juu, mbele na ubavuni. Tena iwe ndege ya nyumbani: Q400 za ATCL, zile za mapangaboi. Ina urefu wa mita 32.8. Kwa kipimo cha 1/72 inakuwa kama sentimita 45 na nusu. Mwalimu anayefundisha uwiano darasani hana mfano mtamu kuliko huo.

Hili liwafikie pia wanaosema "aache utoto, asome". Mtoto anayepima urefu wa paja ili mguu uingie chini ya bawa anasoma. Tofauti ni kwamba hakuna anayempa maksi. Uwanja wa Songwe, Mbeya, umefunguliwa tangu Desemba 2012. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha matengenezo ya ndege. Mbeya ipo MUST, chuo kikuu kizima cha sayansi na teknolojia. Barabara ya kutoka Mwaya hadi huko ipo. Kinachokosekana ni mtu mzima mmoja wa kumshika dogo mkono katika miaka hii miwili mitatu, kabla aibu haijamshika yeye.

MWENYE BOKSI NDIYE MWENYE JINA?

Tabia hii ya kumsifu mwenye boksi na kumsahau mwenye mikono haikuanzia Insta. Moja ya modeli kubwa zilizowahi kuunganishwa nchi hii ni meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maboksi yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Ikaunganishwa upya huko na kushushwa majini Februari 1915. Waliobeba na kukaza zile ribiti walikuwa pia vibarua wa Kiafrika. Nani anawataja? Meli ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana, ambaye hakukaza hata ribiti moja. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ziwa Nyasa nalo lilipata boksi lake mapema zaidi. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande na kushushwa majini 1893. Jina tena la mkubwa.

Ila mambo yamebadilika, na yamebadilikia Kyela hiyo hiyo. MV Ruvuma, MV Njombe na MV Mbeya II ziliundwa Itungi na kampuni ya Kitanzania. Hakikusubiriwa kitabu cha maelekezo kutoka Papenburg. Ufukwe huo huo ndio wa wafinyanzi wa Kikisi, ambao vyungu vyao vinauzwa Matema na mbali zaidi, na hakuna anayewacheka kwa kuanza na udongo. Kwa hiyo dogo si ajabu ya porini. Ni mtoto wa mahali ambapo vitu huundwa.

MEZANI KWENU

Kwa staa, kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi. Nunua boksi la pili, pesa unazo. Ingia laivu, funga mlango, fundi asiwepo. Kata, sugua, pachika, mpaka roboti isimame. Ukimaliza, hata kama imepinda, utakuwa na haki ya kuandika "yangu". Na huenda hamu ya kumcheka mtu itakuwa imekutoka.

Kwa mzee wa klipu, kazi yako ni nyepesi zaidi. Rudisha ndege. Nauli ya Mbeya hadi Kyela unaijua, na mchele ulishakula.

Dogo wa Mwaya ameanza nyingine. Miguu ameifupisha, mkia umenyanyuka, bawa la kushoto bado limezidi kidogo. Jioni anakaa nayo uani, anaikunja na kuikunjua. Akisikia bodaboda inasimama, akiona mgeni mwenye simu mkononi, anainuka haraka na kuipandisha darini.

Wadau, kabla hamjaandika "asaidiwe" hapo chini, malizieni sentensi: asaidiwe nini, na nani, lini?